Usianze na ukurasa huo wa Base64

Mkuu, funga huo ukurasa kwanza. Umeomba kamusi za bure za istilahi za kompyuta, ziwe rahisi kueleweka na zisomeke bila intaneti, halafu unasema utaanza na tovuti inayodai Base64, njia ya kuandika data kwa herufi na tarakimu za kawaida, ni "usimbaji fiche mwepesi" (yaani encryption) wa kutunzia nywila. Hapo hapo ndipo nilipopigwa.

Maelezo hayo hayo niliyakuta kwenye tovuti iliyojaa matangazo, haina jina la mwandishi wala tarehe. Nywila za watumiaji zikaingia kwenye hifadhidata kwa Base64. Hifadhidata ilipovuja, aliyeiiba hakuwa na cha kuvunja. Neno "siri" kwa Base64 ni c2lyaQ==, na yeyote analirudisha lilivyokuwa papo hapo, kwa sababu Base64 haina ufunguo kabisa. Watu hutumia nywila moja kila mahali, kwa hiyo barua pepe zao nazo zikaingiliwa. Kuwaandikia mmoja mmoja kuwapa habari hiyo ni kazi nisiyomtakia adui. Mteja akaondoka, malipo yakapotea. Wale walioandika upuuzi ule bado wanavuna hela za matangazo, na wewe ndiye mtu wao wa leo!

Kinachoniuma zaidi, ukweli ulikuwa wazi na bure muda wote. RFC ni mfululizo wa hati za kiufundi za intaneti, na RFC 4648 ya Oktoba 2006 ndiyo inayoifafanua Base64, na sehemu yake ya usalama inaonya kwamba inaficha nywila machoni tu, haiilindi hata kidogo. Ni aya fupi, unaimaliza chai haijapoa.

Kwa hiyo istilahi yoyote inayogusa data za watu, usiitumie kabla hujafungua hati rasmi inayoifafanua. RFC zote ni bure. Kwa usalama chukua RFC 4949 ya 2007, kamusi ya istilahi za usalama wa intaneti, kurasa zaidi ya 300: kila ingizo lina alama ya herufi, na lenye D ni istilahi ambayo waandishi wa nyaraka za intaneti wanashauriwa waiache. FOLDOC, kamusi ya bure ya kompyuta aliyoianzisha Denis Howe mwaka 1985, ni hazina kwa maneno ya zamani, ila tazama tarehe iliyo chini ya ingizo. Istilahi za wavuti, nenda MDN, tovuti ya maelezo ya wavuti ya Mozilla.

Na kama kuna nywila umeshaziweka kwa Base64, zitoe leo. Tumia Argon2, njia ya kuchakata nywila isiyoweza kurudishwa nyuma kama Base64, maelezo yake yako kwenye RFC 9106 ya 2021. Ukikwama kwenye kuzihamisha, weka swali hapa hapa, nitalijibu.