Kwa nini Cessna 172 huchomoka pembeni baada ya kugusa ardhi kwenye upepo wa ubavuni

Mkuu, umeuliza kwa nini ndege inakuja vizuri, inagusa katikati ya mstari, halafu inachomokea upande upepo unakotoka. Nafundisha urubani wa ndege ndogo, na hili naliona kila msimu wa kaskazi. Mara nyingi mwanafunzi anaacha kurusha ndege pale tu matairi yanapolia.

Hewani ndege huchukuliwa na upepo. Ikigusa lami, matairi makuu yanashika, ila mkia wa wima uko nyuma yake na upepo bado unausukuma. Pua inageukia upepo, kama soksi ya upepo pale uwanjani. Mwendo ukishuka, pedali (zinazogeuza usukani wa mkiani) na eleroni (vibao vya mabawani vinavyofuata usukani wa mkononi) zinakosa nguvu, lakini upepo ni uleule. Kwa hiyo upepo ukitoka kushoto, endelea kukata usukani kushoto, uongeze kadiri mwendo unavyopungua hadi ufike mwisho. Wengi hufanya kinyume, wanaunyoosha. Bawa la kushoto linainuka na tairi la upande huo linakosa mshiko.

Miguu nayo isilale. Kwenye 172 gurudumu la mbele hufuata pedali likishabeba uzito, kwa hiyo lishushe taratibu, na linapogusa punguza pedali uliyokuwa umeikanyaga. Usisukume usukani mbele ili "kuibana" ndege chini: uzito wote unahamia mbele, matairi makuu yanakuwa mepesi, na ndege inazungukia gurudumu moja. (Wenye gurudumu la mkiani wana shida kubwa zaidi, kwa sababu uzito uko nyuma ya matairi makuu.)

Hesabu fanya kabla. Upepo wa noti 20 (maili za baharini kwa saa) kutoka nyuzi 030 kwenye njia ya 36, yaani inayoelekea nyuzi 360, ni noti 10 za ubavuni. Upepo huohuo ukihamia 060 ni kama 17, na mtengenezaji wa 172 alionyesha kwenye majaribio kuwa inatua kwenye 15. Hiyo 15 si marufuku ya kisheria, ila kwa mwanafunzi mimi naichukulia hivyo.

Kama pedali imefika mwisho na pua bado haijanyooka ukiwa juu ya njia, usiguse. Weka nguvu zote, upae. Uwanja wa Wilson, Nairobi, una njia 07/25 na 14/32 za kuchagua. Zanzibar ni njia moja tu, 18/36, hivyo mafuta ya kwenda uwanja mwingine yahesabu kabla ya kuondoka.