Usukani na foki za skuta za manjonjo: majibu kwa wasomaji

Skuli zikifungwa tu, maswali ya skuta huanza kumiminika. Nazungumzia skuta ya kusukuma kwa mguu, isiyo na injini, ile ambayo vijana wanarukia ngazi na kuzungushia ubao hewani. Wenye Vespa wavute subira. Safari hii nimekusanya maswali ya usukani na foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) peke yake, kwa sababu vipuri hivi viwili ndivyo vinavyonunuliwa kwa macho zaidi kuliko kwa kipimo, na ndivyo vinavyomwangusha mtoto vikikosewa.

*Mwanangu ana miaka 11. Mjomba wake aliyeko Uingereza amemletea skuta ya manjonjo, lakini usukani unamfika kifuani. Fundi wa baiskeli hapa mtaani anasema tuukate. Tukate au tununue mwingine? (Mama, Mbweni)*

Kateni, mama yangu, ila kwa utaratibu. Kwanza mtoto avae viatu vyake na asimame juu ya ubao wa skuta, si sakafuni, maana ubao unampandisha. Usukani umfike usawa wa kiuno. Ukizidi kidogo hapana neno, bado anakua. Kifuani ni juu mno: hawezi kuuvuta wakati wa kuruka, na akianguka mbele unamgonga kidevuni.

Unakatwa chini, pale unapoingia kwenye klampu, kile kibano cha bolti kinachoushika pamoja na foki. Mwambie fundi autazame kabla ya kushika msumeno: je, bomba lina mpasuo mwishoni? Kama upo, ukikata unaondoka nao, kwa hiyo atalazimika kupasua mwingine wa urefu ule ule na kuulainisha kwa tupa. Mpasuo usitokeze juu ya klampu, kwani hapo ndipo ufa unapoanzia. Kama klampu yake ni ya SCS, ile ndefu inayoshika foki kwa chini na usukani kwa juu, bomba halitakiwi kuwa na mpasuo kabisa, na kazi inakuwa nyepesi.

Upana nao utazameni. Mikono ikae sawa na mabega. Mkipunguza, toeni mipira ya kushikia kwanza, mkate kidogo kidogo, kushoto na kulia sawasawa.

Sasa jambo ambalo naomba ulisimamie mwenyewe, usimwachie fundi wala mtoto: kila ncha ya usukani iwe na kizibo chake, na mpira wa kushikia usiwe umetoboka mwishoni. Bomba la wazi linakata nyama. Na hata lenye kizibo, mtoto akiangukia ncha ya usukani kwa tumbo, huenda nje ukaona alama ndogo ya mduara tu na ndani bandama au ini limeumia. Akilalamika tumbo, akitapika au akigeuka rangi baada ya kuanguka namna hiyo, mpeleke hospitali siku ile ile, usisubiri jeraha.

*Nimepata usukani wa mtumba, mweusi, mpana, mzuri mno. Nimeufikisha nyumbani, hauteremki kwenye foki, unakwama juu. Skuta yangu ni ya mfumo wa kubana uitwao HIC. Rafiki yangu ananiambia niuchonge kwa ndani. (Kijana, Jang'ombe)*

Usiuchonge, ndugu yangu. Kaa na futi ya fundi cherehani kwanza.

Zungusha futi kwenye bomba la chini la usukani, kwa nje, uibane vizuri. Ukisoma karibu sentimita 10, huo ni usukani wa kawaida, kipenyo chake cha nje ni milimita 31.8. Ukisoma karibu sentimita 11, ni ule mnene, milimita 34.9. Shingo ya foki yako, yaani bomba lake la wima, nayo ukiizungushia futi utapata karibu 9, yaani milimita 28.6. Nambari hizo tatu, 9, 10 na 11, ziandike ukutani kwako, maana ndizo zinazoamua kila kitu kabla ya rangi na kabla ya jina la kampuni. Mwenye vernia, kile chombo cha taya cha kupimia kipenyo, atapata kipimo safi zaidi, lakini futi inatosha kukuzuia usipoteze pesa sokoni.

HIC inafanya kazi hivi: shingo ya foki inavishwa bushi nyembamba, yaani kibomba cha kujazia nafasi, na usukani mnene unapita juu ya bushi hiyo. Klampu inabana vyote vitatu kwa pamoja. Kwa hiyo usukani wa kawaida hauwezi kuivuka bushi hata ukiupiga nyundo. Ukitoa bushi ili uingie, klampu yako, iliyopimwa kwa usukani mnene, haitaubana sawasawa, na siku utakayozungusha usukani hewani utatua nao umegeuka upande.

Kama umesoma 11 na bado unakwama, basi huenda usukani huo ni wa aluminiamu. Kuta zake hufanywa nene ili uhimili, kwa hiyo nje ni mkubwa na ndani ni mdogo. Na hapa ndipo ushauri wa kuchonga unapokuwa hatari khasa: unene unaotaka kuuondoa ndio uliowekwa ili bomba lisikatike.

Njia yako ni mbili. Ya kwanza, uza usukani huo kwa mwenye mfumo wake. Mwenye mfumo wa ICS, ambaye bolti yake inapanda kutokea chini ya foki mpaka kwenye nati yenye meno iliyopigiliwa ndani ya usukani, huwa anatafuta usukani wa kawaida. Mwenye mfumo wa IHC pia, kwa sababu foki yake ina shingo iliyopunguzwa unene ili bushi na usukani wa kawaida vikae juu yake. Njia ya pili ni kuhamia SCS. Hiyo ni klampu ndefu, mara nyingi ya bolti nne: nusu ya chini inashika shingo ya foki, nusu ya juu inashika usukani, na usukani hauivai foki hata kidogo. Ndiyo maana inapokea wa kawaida na mnene, mradi upate bushi ya kujazia pale panapobaki nafasi. Ni nzito kuliko nyingine, lakini kwa ukakamavu naipenda kuliko zote, na kwa kisiwa ambacho vipuri vinakuja vimechanganyika ndani ya makontena, mfumo unaopokea vipimo viwili una faida yake. Angalia mambo mawili tu kabla ya kulipa: shingo ya foki yako inaweza kuwa ndefu kuliko inavyotaka SCS, ikahitaji kupunguzwa, na kama usukani una mpasuo, sehemu hiyo itakatwa yote, nao utapungua kimo.

*Foki ya kijana wangu imepata ufa mwembamba pale miguu miwili inapokutana na shingo. Ni ya aluminiamu. Fundi wa kuchomelea anasema ataiziba isionekane. (Baba, Chake Chake)*

Hapana, baba. Isionekane ndiyo ubaya wenyewe.

Foki nyingi za aluminiamu hutengenezwa kwa aloi, kama ile iitwayo 6061, ambayo baada ya kuumbwa hupitishwa kwenye joto maalumu ili ipate nguvu. Ukiichomelea, moto unaiondolea nguvu hiyo pembeni mwa kovu. Utapata foki inayong'aa, ngumu juu ya kovu na laini kando yake, na ufa utarudi milimita chache kutoka ulipokuwa. Tofauti ni kwamba safari ya pili hautotoa dalili, utakatika mtoto akiwa juu. Foki ikikatika gurudumu la mbele linabaki nyuma na uso unatangulia.

Wengine wote nao wajifunze kuutafuta ufa. Osha skuta, ikauke, kisha pitisha ukucha taratibu pale miguu ya foki inapoungana na shingo, na kwenye usukani pale bomba la kukingama linapoungwa na la wima. Ukucha ukikwama, simama hapo. Kwenye chuma ufa hujionyesha kwa mstari mwembamba wa kutu unaotoka chini ya rangi. Rangi iliyokwaruzwa tu kwa kawaida haikwamishi ukucha.

Na baba, hiyo foki usiitupe nzima wala usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu ikiwa na umbo lake. Ikate vipande viwili, isije ikarudi sokoni ikauzwa kwa mtoto wa mwenzako.

*Ninunue usukani wa chuma, aluminiamu au titaniamu? Na hizi za umbo la T na Y zina tofauti gani? Naendesha Maisara na Forodhani. (Msichana wa miaka 16, Kikwajuni)*

Mwanangu, kwa unayoyafanya na kwa unakoyafanya, nakushauri chuma cha kromoli, ile aloi yenye namba 4130. Ni kizito, lakini kinavumilia kugongwa, na kabla ya kukatika hupinda, kikakupa onyo. Aluminiamu ina uzito kama theluthi ya chuma kwa ujazo ule ule, hivyo usukani unazunguka upesi mkononi, nayo inafaa zaidi kwa anayeruka viwanja laini kuliko anayejigonga kwenye ngazi. Titaniamu ina sifa nzuri za pande zote mbili na haijui kutu, ila bei yake ni ya kununulia skuta nyingine nzima. Ningekuwa na pesa hizo ningenunua kofia ngumu nzuri na magurudumu mapya kwanza.

Sasa sikiliza habari ya chumvi, kwa sababu unaendesha kando ya bahari. Watu husikia kromoli wakadhani haishiki kutu kwa kuwa ina kromiamu. Ina kromiamu kama asilimia 1 tu. Chuma kisichoshika kutu huanzia zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo kinachokilinda ni rangi, na pale palipokatwa chini hapana rangi. Ukitoka Forodhani, pitisha kitambaa kilicholowa maji ya mfereji, kausha, na mara kwa mara vua usukani upake grisi nyembamba ndani ya bomba na kwenye mpasuo. Usipake sana pale klampu inaposhika, utateleza. Aluminiamu nayo haisalimiki: inapogusana na bolti ya feleji penye unyevu wa chumvi, inaliwa polepole, ikageuka unga mweupe, na siku unataka kuvua unakuta bolti imeganda.

T ni nyepesi na rahisi kuikata, bomba moja wima na moja la kulala. Y ina mabomba mawili yanayotanuka kwenda juu, ni kakamavu zaidi ukivuta upande mmoja. Kwa kuzungusha usukani sijaona tofauti ya kumnyima mtu usingizi. Chagua unayoipenda kwa macho, hapa macho yanaruhusiwa.

Ombi moja: barazani kwa watu Mji Mkongwe usiteleze na skuta. Chokaa ya baraza hailingani na chuma, na wazee wanakaa hapo.

*Nataka foki ya kuweka gurudumu la milimita 120. Yangu ya sasa ina 100 na shingo yake ina nyuzi za skrubu. (Kijana, Wete)*

Shingo yenye nyuzi ni ya skuta za kuanzia. Nyuzi hupunguza unene wa bomba, na nati zake hulegea kila ukiruka. Hama kwenye isiyo na nyuzi, lakini ujue utabadilisha pia beringi za shingoni na klampu, si foki peke yake, na pengine ni nafuu kutafuta skuta nyingine kamili. Foki ya 120 hupokea pia gurudumu la 110, ya 110 haipokei 120. Uliza na upana wa gurudumu, milimita 24 au 30, na ekseli, 8 au 12. Zisipolingana hazilazimishiki.

*Mipira ya kushikia imechanika na ya skuta siipati. (Kijana, Mwanakwerekwe)*

Nenda kwa muuza vipuri vya baiskeli. Pale pa kushikia, usukani wa skuta na wa baiskeli nyingi una kipenyo kile kile, milimita 22.2. Chukua mirefu, laini, isiyotoboka mwishoni.

*Usukani wangu unalia kokoko kila nikitua, hata nikikaza klampu kwa nguvu zote. (Kijana, Paje)*

Kukaza klampu hakuondoi mlio huo, kwa sababu klampu inazuia usukani usizunguke tu. Kinachobana foki kwenye beringi ni bolti ya kubania, ile ya ndani au ya juu kulingana na mfumo wako. Ukikaza klampu kwanza, bolti hiyo haina tena cha kuvuta.

Legeza bolti zote za klampu. Kaza bolti ya kubania kidogo kidogo kwa spana ya L, huku umekanyaga breki ya nyuma na kuisukuma skuta mbele na nyuma. Ukiona foki haichezi tena, acha. Inua mbele: gurudumu ligeuke kulia na kushoto lenyewe bila kukwama. Likiwa zito, umezidisha. Kisha nyoosha usukani sawa na gurudumu, ukaze bolti za klampu kwa zamu, moja kidogo, nyingine kidogo, mpaka zilingane.

Kwa wewe wa Paje kuna la ziada, nalo ni mchanga. Fungua kabla ya kukaza, futa beringi kwa kitambaa, na ukisikia zinakwaruza ukizizungusha kwa kidole, weka mpya na grisi mpya. Rudia kukagua baada ya siku chache za kuruka, kwa sababu beringi mpya hukaa zaidi mahali pake na bolti inabaki na nafasi.