Kabla ya mafuta, nunua futi

Anayetaka kufuga nywele zifike kiunoni au zaidi anahitaji futi ya fundi cherehani na daftari kabla ya chupa yoyote ya mafuta. Kioo hakisemi kweli kuhusu urefu. Wengi hukata tamaa wakidhani nywele zao zimegoma kukua, kumbe zinakua vizuri juu na kukatika chini.

Kwa wastani unywele hukua sentimita 1.25 kwa mwezi, yaani kama sentimita 15 kwa mwaka. Nywele za kipilipili huenda polepole zaidi; mara nyingi hazifiki sentimita 1 kwa mwezi. Kupima kila wiki basi ni kujisumbua bure, maana milimita tatu hupotea kwenye kosa dogo la mkono. Pima kila baada ya miezi mitatu.

Pima nywele zikiwa kavu na zimechanwa, kwani zikiwa mbichi huvutika na kukupa urefu usiokuwepo. Kwa nywele za singa, weka mwanzo wa futi pale nywele zinapoanzia katikati ya paji la uso, ipitishe juu ya utosi, ishuke kisogoni hadi kwenye ncha. Simama wima, utazame mbele. Ukiinua kidevu, nywele zitashuka mgongoni na utajipongeza kwa urefu ambao hujaupata. Mwombe mtu akusomee ncha ya chini.

Kipilipili hupimwa vingine, kwa sababu kikijikunja huweza kuficha zaidi ya nusu ya urefu wake. Chagua sehemu nne za kudumu: mbele, utosini, juu ya sikio na kisogoni. Shika fungu lenye unene wa penseli, livute taratibu hadi linyooke, kisha upime kwa rula kutoka kwenye ngozi. Andika tarehe, sehemu, sentimita, na kama nywele zilikuwa zimenyooshwa kwa joto au la. Usiandike tu “zimefika begani”. Shingo za watu hazilingani, na nywele za mbele zina safari ndefu kuliko za kisogoni.

Kuna kipimo cha pili ambacho wengi hukisahau, nacho ni unene. Funga nywele zote kisogoni, zungusha uzi pale zilipofungwa na upime uzi huo. Rudia sentimita 10 juu ya ncha. Urefu ukiongezeka huku kipimo cha chini kikizidi kupungua, ni nywele chache tu zinazosonga mbele. Nyingine zinakatika njiani.

Urefu ukiganda miezi sita, angalia shinani. Aliyepaka rangi apime sehemu isiyo na rangi. Aliyesuka apime nafasi kati ya ngozi na mwanzo wa msuko. Kama zimeota sentimita 7 mpya na urefu wote haujabadilika, basi sentimita 7 zimepotea kwenye ncha. Kagua na zinazobaki kwenye kitana. Unywele mrefu wenye kidoa cheupe mwishoni umedondoka kwa wakati wake, na kudondosha 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Vipande vifupi visivyo na kidoa hicho vimekatika.

Upo ukomo wa kweli pia. Kila unywele hukua kwa miaka kati ya 2 na 7, hupumzika kama miezi mitatu, kisha hudondoka. Miaka minne ya kukua huzaa takriban sentimita 60. Xie Qiuping wa China alianza kufuga nywele mwaka 1973, na zilipopimwa Mei 2004 zilikuwa mita 5.627. Ukigawa, ni kama sentimita 18 kwa mwaka, kasi isiyopita sana ile ya wastani. Ajabu yake ni miaka ambayo kila unywele uliendelea kukua bila kudondoka wala kukatika.

Ncha ya unywele wa sentimita 75 ina umri wa miaka mitano hivi, na haijitibu. Shampuu ipake kwenye ngozi ya kichwa, kondishena kwenye urefu. Fumua mafundo kwa vidole, kisha chana kuanzia nchani ukipanda juu. Lalia kitambaa cha setini au hariri. Kukata hakuongezi kasi: anayepunguza sentimita 2.5 kila miezi miwili amekata karibu chote kilichoota. Ondoa ncha zilizopasuka tu, ukikata nusu sentimita juu ya mpasuko kwa mkasi mkali wa nywele, kwani mkasi butu huziponda na kuzipasua upya.

Daftarini andika pia homa kali, uzazi na upasuaji. Nywele zikianza kudondoka kwa wingi, rudi nyuma miezi miwili au mitatu, mara nyingi utakikuta chanzo hapo. Aina hiyo kwa kawaida hutulia yenyewe ndani ya miezi sita hivi. Lakini nywele za panja zikirudi nyuma, au vipele vikitokea pembezoni mwa msuko, fumua siku hiyohiyo. Mvuto ukiendelea kwa miaka huacha kovu kwenye vishimo vya nywele, na hapo haziwezi kuota tena. Kipara cha mabaka kinahitaji daktari wa ngozi.