Maziwa hayafiki mapafuni

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 29, natoboa mwamba kwa mashine, bila maji, kwenye duara (shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu) huku Geita, mwaka wa nne sasa. Kila tukitoka shimoni bosi anatupa nusu lita ya maziwa ili yaondoe vumbi. Wenzangu wengine wanasema yanywewe kabla ya kushuka, wengine wanasema mgando ndio unaofanya kazi. Tangu mwezi wa pili nakohoa, na nikipanda ngazi pumzi inakata. Kuna mzee anapita machimboni na unga wa miti shamba wa kusafisha mapafu, kopo shilingi 35,000. Je, maziwa ninywe kabla au baada? Na huo unga unafaa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla au baada, mgando au fresh, jibu langu ni lile lile: maziwa yanakwenda tumboni, vumbi liko mapafuni, na kati ya njia hizo mbili hakuna uchochoro. Swali hili nimeulizwa Chunya, nimeulizwa na wanaapolo, wale wachimbaji wa tanzanite wa Mererani, nimeulizwa hata na wanaoponda kokoto Dar es Salaam. Nimeshalijibu mara nyingi kiasi kwamba sasa linaniuma, kwa sababu wengi wanaoniuliza wananiuliza wakiwa tayari wanakohoa kama wewe.

Naelewa kwa nini imani hii haifi. Ukitoka shimoni unakunywa maziwa, baada ya muda unakohoa, unatema makohozi yenye rangi ya udongo, na koo linakuwa laini. Macho yako yameona vumbi likitoka. Lakini vumbi hilo ni lile kubwa, lililonaswa kwenye ute wa pua na wa njia kubwa za hewa. Lingetoka hata kama ungekunywa maji, au usingekunywa chochote, maana mwili una vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma ute huo juu usiku na mchana. Vumbi linaloua hulioni kwenye makohozi, wala hulioni kwenye mwanga wa tochi. Chembe zake ni ndogo kuliko mikroni 10 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa kichwa chako una unene wa mikroni 70 hivi. Zile ndogo kabisa zinapita pua, zinapita koo, zinakwenda kutulia kwenye vifuko vya mwisho vya hewa, mahali ambapo hakuna ute wala vinyweleo vya kuzirudisha.

Huko zinakutana na seli walinzi wa mwili. Seli inaimeza chembe ya silika, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mwamba mweupe wa kwatzi mnaoufuata kwa sababu umebeba dhahabu. Seli haiwezi kuisaga, inakufa, inamwaga kemikali zake pale pale, na chembe inabaki nzima ikimsubiri mlinzi mwingine. Kila mzunguko unaacha kovu. Makovu yakiungana, pafu linakuwa gumu kama sponji iliyomwagiwa saruji. Huo ndio silikosisi. Hauna tiba ya kuurudisha nyuma, na makovu yanaweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi. Halafu silika iliyovunjwa sasa hivi na mashine ina ukali zaidi kuliko vumbi la zamani la barabarani, kwa hiyo anayetoboa yuko mahali pabaya kuliko wote.

Kuhusu unga wa huyo mzee, weka 35,000 yako mfukoni. Na asikudanganye mtu kwamba unga wa kiwandani au wenye jina la kizungu ungekuwa bora zaidi. Huko Ontario, Kanada, kuanzia mwaka 1943 wachimbaji walifungiwa kwenye vyumba vya kubadilishia nguo kabla ya zamu, wakapulizwa unga laini wa alumini ulioitwa McIntyre Powder, wakaambiwa wavute kwa nguvu kwa sababu ungefunika silika mapafuni isidhuru. Jambo hilo liliendelea hadi 1979. Miaka 36! Haukuwakinga na silikosisi, na baadaye watafiti waligundua kuwa waliovuta unga ule walipata zaidi ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili, kuliko wachimbaji wengine, hadi mwaka 2022 serikali ya Ontario ikauingiza ugonjwa huo kwenye magonjwa ya kazi yanayolipiwa fidia. Ule unga uliendelea kwa sababu ulikuwa rahisi kuliko kuondoa vumbi shimoni. Maziwa ya bosi wako yanaendelea kwa sababu hiyo hiyo. Nusu lita ni bei ndogo kuliko pampu na mpira wa maji.

Nasema hivi bila kuwachukia wenye maduara, wengi wao wamekulia kwenye nyundo na moko, patasi ya kupasulia mwamba, na wanayaamini maziwa kwa moyo safi. Ila namna yanavyofanya kazi kichwani mwa mchimbaji ndiyo inayonitisha. Akishayanywa anajiona amelipa deni la siku hiyo, kesho anashuka tena kifua wazi. Maziwa ni chakula kizuri na bosi akikupa kunywa, ila yanywe kama unavyokula ugali, usihesabu kuwa ni kinga.

Sasa tazama ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya hewa kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu huku huku Geita. Wakati wa kutoboa chini ya ardhi, silika waliyokuwa wakiivuta ilikuwa na wastani wa miligramu 16.85 kwenye kila mita moja ya ujazo ya hewa. Kiwango kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ni miligramu 0.05. Gawanya mwenyewe: ni mara 337. Hapo ndipo watu wanaponiambia, "Sawa, tutavaa barakoa." Kitambaa ulichofunga puani kinakamata lile vumbi kubwa ambalo mwili wako ungelitema wenyewe. Barakoa ya N95, ile maalumu ya kuchuja vumbi laini, iliyokaa vizuri usoni, bila ndevu na bila mwanya pembeni, huhesabiwa kupunguza vumbi mara 10. Ukitoka 337 ukagawa kwa 10, bado uko zaidi ya mara 33 juu ya kiwango. Ukiwa nayo ivae, lakini kwenye utoboaji mkavu haiwezi kukuokoa peke yake.

Kinachofanya kazi ni maji, tena yaingie ndani ya chuma cha kutobolea na kutokea kwenye ncha, pale mwamba unaposagwa. Kumwagia kuta ukimaliza ni kuchelewa, vumbi limeshavutwa. Elimu hii si ngeni. J. George Leyner wa Denver, Marekani, alitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1890 mashine yenye chuma chenye tundu katikati. Ya kwanza ilipuliza hewa, na vumbi lilivyotimka wachimbaji wenyewe wakaikataa. Akabadilisha akapitisha maji. Hivyo ukiniambia kwenye duara lenu mwaka huu mnatoboa kavu, unaniambia mmeachwa nyuma zaidi ya miaka 100 kwenye jambo linalohitaji tangi, mpira na mashine yenye njia ya maji. Mkipiga baruti, kaeni nje mpaka hewa isafishwe, msishuke moshi ukiwa bado unaning'inia kwa sababu mna haraka ya kuona kama mwamba umefunguka.

Wewe binafsi, acha kutoboa kwanza mpaka upimwe. Miaka minne ya mashine kavu inatosha kabisa kuleta ugonjwa, kwa sababu ule wa kusubiri miaka 10 na zaidi huwapata wanaovuta vumbi kidogo kidogo. Nenda hospitali yenye eksirei, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe kazi yako: "Natoboa mwamba, miaka minne, bila maji." Usipolisema atatibu kikohozi tu. Pima TB pia, kwa makohozi, kwani pafu lenye silika ni nyumba iliyoachwa mlango wazi kwa TB, na mwenye VVU hatari inazidishwa mara nyingine tena. TB inatibika, imalize dozi. Lakini wapo niliokutana nao wamepewa dozi mara mbili, mara tatu, makohozi yao hayaonyeshi vimelea, pumzi inazidi kufupika, na hakuna aliyewahi kuwauliza wanafanya kazi gani. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro, inawajua wachimbaji wa Mererani kwa muda mrefu. Daktari wako akisita, muombe akuelekeze huko.

Wanaosoma hapa wakasema wao hawashuki shimoni, nawageukia. Karasha, mashine ya kusaga mawe, likisaga kavu linatoa vumbi la mwamba ule ule, limesagwa laini zaidi, na waliolizunguka ni wengi. Kwenye utafiti ule ule, kazi za juu ya ardhi nazo zilizidi kiwango takriban mara nne. Wenye karasha huniambia maji yatapoteza dhahabu. Yatapotezaje? Dhahabu ina uzito mara 19 ya maji, kwatzi haifiki mara tatu, na mzigo huo huo mkishausaga mnaupeleka mwaloni kuuosha kwa maji. Kinachopotea ni kile kinachopeperuka na vumbi.

Na kina mama wanaoponda mawe kwa nyundo pembeni, mtoto mgongoni: loweni mawe kabla ya kuyaponda, kaeni upande upepo unakotokea, na mtoto aachwe mbali na karasha. Nguo za kazi msizikung'utie ndani ya nyumba. Zilowekeni nje kwenye beseni kabla hamjaingia.