Risasi inagoma asubuhi: naweza kufungua bolti mwenyewe?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina bunduki ya Mauser, ninaimiliki kwa leseni, nalindia shamba la viazi dhidi ya nguruwe pori. Tangu baridi ya Juni ianze, risasi ya kwanza asubuhi inagoma: nasikia “ta” tu. Mchana inalipuka vizuri. Risasi ni mpya. Naweza kuifungua bolti, kile chuma cha kuvuta kinachofunga nyuma ya mtutu, vipande vipande nyumbani?
Msomaji, Makete

JIBU: Marahaba, mwanangu. Unaweza, na usichelewe. Kugoma asubuhi na kukubali mchana, mara nyingi ni grisi. Kuna mtu aliipaka ndani ya bolti, ikawa nzito kwa baridi ya huko, na pini ya kufyatulia inafika kwenye fataki, ile ya kuwasha baruti kitakoni mwa risasi, bila nguvu. Linganisha kitako cha risasi iliyogoma na cha ganda lililolipuka. Alama ya pini kwenye iliyogoma itakuwa haina kina. Na ikigoma tena, mtutu uelekee mahali salama kwa nusu dakika kabla hujavuta bolti. Fataki huweza kuchelewa.

Jeshi la Ujerumani liliipitisha Mauser ya aina hii, modeli 98, mwaka 1898, na askari aliweza kufungua bolti bila bisibisi. Kama sefti ya bunduki yako, kile kilimi cha usalama nyuma ya bolti, imebadilishwa ili iwekwe darubini, niliyoyaandika hapa hayakuhusu. Mpelekee fundi mwenye leseni.

Toa risasi zote, zipeleke chumba kingine, kisha chungulia chemba na uingize kidole. Funga bolti ikiwa imekokiwa, simamisha sefti wima, vuta kile kizuizi cha kushoto na uchomoe bolti. Bonyeza kitufe kidogo ubavuni mwa kifuniko cha nyuma, ukizungushe kinyume cha saa hadi pini na springi yake vitoke pamoja.

Hapa ndipo watu wanapoumia. Springi ile ina nguvu ya kukutoa jicho. Toboa tundu kwenye kipande cha mbao ngumu, simamisha ncha ya pini humo, rudisha sefti upande wa kufyatulia huku umekandamiza kifuniko chini kwa mkono mzima. Uso uwe pembeni. Zungusha kile kipande cha nyuma kinachoshika mkia wa pini robo duara, kitoe, kisha achia polepole.

Osha kwa mafuta ya taa, springi na tundu la bolti, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kausha kabisa. Paka mafuta mepesi, tone moja ulisambaze kwa kidole; grisi kidogo iende kwenye meno ya mbele ya bolti tu, yale yanayoifunga. Itazame ncha ya pini kwenye mwanga: iwe ya mviringo na laini. Ikiwa imemeguka, usiichonge, nunua nyingine kupitia fundi. Ile kulabu ndefu inayong’oa ganda iache ilipo.

Kurudisha ni njia ile ile kinyumenyume, ila sefti lazima iwe wima kabla hujaanza kuzungusha kifuniko. Kipande cha nyuma kikichupa mbele, bolti haitaingia. Usiigonge kwa nyundo. Egemeza ukingo wake kwenye mbao, kisukume nyuma, uisimamishe sefti tena.

Ukimaliza, jaribu bila risasi. Sefti ikiwa imefungwa, vuta kifyatulio, kimya. Fungua sefti bila kugusa kifyatulio, bado kimya. Vuta sasa, isikike “ta” kali. Pini ikiruka peke yake ulipofungua sefti, bunduki hiyo isitiwe risasi mpaka fundi aione.

Na usikubali kuazima bolti ya jirani, hata kama inaingia vizuri.