Jibu: Je, Kusini ndio walioanza kutishia kujitenga Marekani?

Hapana mkuu. Miaka mingi kabla ya vita vya 1861 kati ya Kaskazini na Kusini, walionuna walikuwa watu wa kaskazini, majimbo ya New England. Chanzo kilikuwa tumbo: mwaka 1807 Rais Jefferson alizuia meli kwenda nje, bandari kama Boston zikadorora. 1812 Rais Madison, aliyemfuata, naye akaingia vitani na Uingereza, mteja wao mkubwa.

Desemba 1814 wajumbe 26 wa New England wakajifungia Hartford, Connecticut. Huko mitaani wapo waliotaka kujitenga kabisa, ila waliokaa mezani wengi walikuwa watulivu. Wakadai vikwazo vya biashara visizidi siku 60, vita vipitishwe kwa theluthi mbili za Kongresi (bunge la Marekani), na Kusini waache kuhesabiwa watumwa wao (kila watano kama watu watatu) ili kujiongezea viti bungeni. Hilo la mwisho ndilo lilikuwa donda lenyewe, ukiniuliza mimi.

Bahati mbaya kwao, wajumbe wa Massachusetts waliopeleka madai hayo walifika Washington Februari 1815, watu wanashangilia ushindi wa Jenerali Jackson dhidi ya Waingereza kule New Orleans, na habari za amani nazo zikaingia. Nani angewasikiliza? Chama chao, Federalist, kilisimamisha mgombea urais mara ya mwisho 1816.