Wasomaji Wanauliza: Chifu John Ross aliwageuka watu wake?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi naendesha lori huku Oklahoma, juzi nimepita Tahlequah ambako ndo makao makuu ya Wacherokee, moja ya mataifa ya wenyeji asilia wa Marekani. Mwenzangu kazini ni Mcherokee, akanambia chifu wao John Ross mwaka 1861 aliwaandikia watu wa Kusini, yale majimbo yaliyojitenga na Marekani kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe, akakataa kabisa mambo yao ya kuunda vikosi kwake, afu haijafika hata miezi minne akasaini nao mkataba. Sasa huyu mzee alikuwa kigeugeu au alinunuliwa? (Msomaji, Tulsa)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakununuliwa, na hata huo ukigeugeu mi siuoni. Kwenye zile barua namwona mtu anayeogopa kitu kimoja tu, Mcherokee kumuua Mcherokee mwenzake.

Chukua hiyo barua yenyewe, ya tarehe 17 Juni 1861. Jenerali Benjamin McCulloch wa jeshi la Kusini alikuwa amemwandikia kwa adabu kabisa, kwamba sawa mzee, umesema huna upande kwenye vita hii na tutakuheshimu, ila wale Wacherokee wanaotuunga mkono waache waunde vikosi vya kulinda nyumbani. Ukisoma haraka utaona ni ombi dogo. Ross akajibu hapana, kwanza nikiruhusu hivyo siwezi tena kusema sina upande, pili, na hapa ndo penyewe, vikosi hivyo sheria zetu hazivitambui na havitachukua muda vitaanza kuchochea ugomvi kati yetu wenyewe kwa wenyewe.

Alikuwa anajua anachosema maana yalishamkuta. Mwaka 1835 kikundi kidogo cha Wacherokee kilisaini mkataba wa New Echota na kuiachia Marekani ardhi yote ya mashariki bila idhini ya Ross, na mwaka 1838 Jenerali Winfield Scott akaja na maelfu ya askari kuwatoa watu majumbani mwao, wakapelekwa magharibi na inakadiriwa wapatao 4,000 walikufa. Hasira ya hapo haikuisha. Tarehe 22 Juni 1839 wakuu watatu waliosaini wakauawa siku moja, mmoja wao Elias Boudinot, watu walimfuata wakajifanya wanaomba dawa, akatoka nao, njiani wakamchoma visu na kumkata mashoka. Ndugu yake Stand Watie akanusurika. Siku hiyohiyo Ross akamwandikia Jenerali Matthew Arbuckle wa jeshi la Marekani pale ngome ya Fort Gibson kwamba nimeambiwa Watie anakusanya watu waje kuniua, naomba uingilie kati damu isiyo na hatia isimwagike. Mimi nikifika hapo huwa natulia kwanza, maana jeshi lililowatoa watu wake makwao mwaka mmoja tu nyuma ndo hilohilo analiomba limuokoe.

Sasa mwaka 1861 unadhani nani alikuwa anaongoza Wacherokee wa upande wa Kusini? Stand Watie huyohuyo.

Na safari hii hakukuwa na wa kumkimbilia, kwani askari wa Marekani walishaziacha ngome zao za eneo lile wakapanda Kansas, wakati mikataba ilisema Marekani ndo itawalinda. Agosti 10 jeshi la Kusini likashinda pale Wilson's Creek, Missouri, mataifa jirani ya wenyeji kama Wachoctaw na Wachickasaw walishasaini na Kusini, Watie naye ana kikosi tayari, yaani Ross akigoma tu Kusini inasaini na Watie badala yake na taifa linapasuka katikati. Tarehe 21 Agosti wanaume kama 4,000 wakakutana Tahlequah, wakakubali kwenda na Kusini ili wabaki kitu kimoja, na Oktoba 7 mkataba ukasainiwa. Ila tusifichane, Ross mwenyewe alikuwa na watumwa, na wakubwa wengi pale vilevile, kwahiyo woga peke yake hauelezi kila kitu.

Umoja wenyewe haukufika mbali. Desemba hiyohiyo kikosi kilichokuwa cha watu wa Ross, chini ya John Drew, kikaambiwa kikampige Opothleyahola, mzee wa Wacreek, taifa lingine la wenyeji, aliyekataa kwenda na Kusini na alikuwa anakimbilia Kansas na familia nzimanzima, na usiku kabla ya pambano wengi wao wakatoroka, wengine wakavuka kwenda kwake.

Julai 1862 askari wa Kaskazini, yaani wa serikali ya Marekani, wakafika nyumbani kwa Ross pale Park Hill, akaondoka nao, na Septemba 16 akamwandikia Rais Lincoln kumweleza hayo yote, kwamba mlituahidi ulinzi mkaondoka, tungefanyaje. Lincoln akajibu tarehe 25, barua fupi, akasema mambo yaliyomzunguka ni mengi mno na bado hajapata nafasi ya kuangalia mikataba kati ya Marekani na Wacherokee inasemaje hasa.